Drili ya betri haitachimba mashimo ya Kitengela, na msinitumie video nyingine

Najua nimekuwa kimya. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi Dubai. Hapana. Nilikuwa na mkono mmoja tu kwa wiki mbili na nusu, na mtu anayekula kwa kuandika programu, akibaki na mkono wa kushoto peke yake, hana budi kunyamaza. Bandeji imetoka jana. Hasira bado haijatoka, kwa hiyo nivumilieni.

Kisa chenyewe ni hiki. Wazazi wangu wana ploti nje kidogo ya Kitengela, upande wa kuelekea Kisaju, futi 50 kwa 100. (Huku tunaiita thumuni ya ekari, lakini hebu pigeni hesabu: thumuni ya kweli ni futi mraba 5,445, na hii ina 5,000. Mtu anauziwa thumuni iliyoliwa na panya na bado anachinja mbuzi.) Baba alitaka izungushiwe nguzo za zege na seng'enge kabla ya mvua za Oktoba. Mzunguko wake ni futi 300, yaani mita 91 na ushei. Ukisimamisha nguzo kila baada ya mita mbili na kuacha nafasi ya lango, unapata mashimo 44 hivi, kila moja sentimita 60 kwenda chini.

Sasa mimi, mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta na miaka 28 ya kuishi duniani, nikamwambia Baba asimwite yule mzee anayechimbia watu mashimo mtaani kwetu. Nilikuwa nimetumiwa video. Nyote mmeiona, au mmeona ndugu yake: mzungu amesimama juu ya ziwa lililoganda, amevaa kama godoro, ameshika drili ya betri ya kawaida kabisa, ile ya kutobolea ukuta, na mbele yake amefunga keekee kubwa yenye mapezi yaliyojisokota kama ngazi ya mnara. Anabonyeza. Kufumba na kufumbua barafu imetoboka, maji yanapanda, anatumbukiza ndoana. Aliyenitumia aliandika chini yake: "Kaka, dawa ya mashimo yenu ya Kitengela hii hapa."

Nami nikaamini. Nikaagiza keekee ya udongo yenye upana wa sentimita 20 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni (simtaji), nikachukua drili yangu ya volti 18, nikaenda shamba Jumamosi asubuhi nikiwa nimevaa kofia.

Shimo la kwanza lilifika sentimita 15, keekee ikageuka donge moja la udongo. Nikaichomoa, nikaikwangua kwa kijiti, nikarudi. La pili likafika 25 na drili ikaanza kunuka, ile harufu ya waya unaoungua ambayo kila aliyewahi kuunguza pawa saplai anaijua. Nikapumzika. Shimo la tatu ndilo lililonimaliza. Kufika kama sentimita 30 keekee ikakutana na jiwe, mapezi yakakwama, na kwa kuwa keekee ilikataa kuzunguka, drili ikaamua kuzunguka yenyewe, pamoja na mkono uliokuwa umeishika. Nilisikia kiwiko kikilia kabla sijasikia maumivu.

Jumla: mashimo matatu, hakuna hata moja lililokamilika. Na betri ilikuwa bado imejaa zaidi ya nusu.

Hapo kwenye betri ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wote wanapokosea, na mimi nilikuwa wa kwanza. Kila mtu akiziona drili hizi anauliza betri inadumu saa ngapi. Swali hilo halina maana yoyote hapa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90, sawa na jouli 324,000. Shimo langu la sentimita 20 kwa 60 lina ujazo wa lita 19 hivi, na udongo mbichi wa lita 19 una uzito wa kilo thelathini na kitu. Kuinua udongo huo mpaka juu ya shimo kunahitaji jouli mia moja na zaidi kidogo. Mnaona? Kwa nishati peke yake, betri ile ingeweza kuinua udongo wa Kitengela mpaka mchoke. Kinachokosekana ni nguvu ya kusokota, na nguvu ya kusokota haihifadhiwi ndani ya betri. Inatoka kwenye mota na giaboksi, na ikishatoka ni lazima kuwe na kitu cha kuizuia upande wa pili. Kitu hicho ni mkono wako.

Drili yangu imeandikwa kwenye boksi kwamba inatoa nyutoni mita 60. Mpini wake wa pembeni uko kama sentimita 20 kutoka katikati ya mzunguko. Gawanya 60 kwa 0.2, unapata nyutoni 300. Maana yake, keekee ikikwama, mtu anakuangushia kilo 30 kiganjani bila kukuambia. Sasa wale jamaa wa barafu wanaopenda drili kubwa, kama ile Milwaukee ya M18 Fuel iliyotangazwa kwa nyutoni mita 135, wanaangushiwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndiyo maana wazee wenye akili huko Minnesota na Ontario hawashiki drili mikononi hivihivi. Wanaifunga kwenye bamba lenye mipini mirefu ya pande mbili. Ukiwa na fimbo inayofika mita moja kutoka katikati, nyutoni mita zilezile 60 zinakuwa kilo 6 tu, na kilo 6 hata mtoto wa darasa la nne anazizuia. Video haikuonyesha bamba. Video haionyeshi bamba kamwe, kwa sababu bamba halipendezi.

Haya, mtasema: basi tatizo lako ni bamba, nunua bamba, uache kelele. Ngojeni, sijafika.

Barafu na udongo wetu ni vitu viwili tofauti kabisa, na tofauti yenyewe haiko kwenye ugumu. Barafu ikikatwa inatoa unga mwepesi usioshika chuma, unapanda kwenye mapezi wenyewe na kumwagika pembeni. Ukifika chini kuna maji, na maji yanapanda yakikusafishia shimo. Zaidi ya hayo, barafu ni ileile toka juu mpaka chini. Ziwa halina mawe ndani ya barafu yake. Ukimaliza, kazi imekwisha. Mvuvi hataki kitu kingine chochote zaidi ya uwazi wa kupitishia ndoana. Kwake yeye shimo ndilo bidhaa.

Tuna barafu yetu pia, msicheke. Kutoka Loitokitok, ndani ya kaunti yetu hii ya Kajiado, asubuhi ikiwa safi unaiona kwenye kilele cha Kilimanjaro ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2000, Januari na Februari, timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilipanda kule na kutoboa barafu ile mara sita, ikatoa nguzo za barafu kwa ajili ya kusoma historia ya hali ya hewa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Hata kule kutoboa kwenyewe ndiko kulikokuwa kazi. Walichokitaka kilitoka ndani ya keekee.

Sasa njoo Kitengela. Udongo wetu mweusi, huu ambao wahandisi wanauita wa pamba kwa kuwa kule India umelimiwa pamba miaka mingi, ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Januari unaweza kutumbukiza simu kwenye ufa wake usiione tena. Ukiwa mkavu ni tofali. Ukiwa umelowa ni gundi, unashika mapezi, unashika viatu, unashika gari la mkwe wako siku ya ruracio. Chini yake, kwenye sentimita 30, 40 au mita nzima kutegemea umesimama wapi, unakutana na changarawe iliyoshikana au jiwe lenyewe. Drili iliyotengenezwa kusokota haina jibu kwa jiwe. Mtaimbo unalo: unapiga, hausokoti, na nguvu yote ya uzito wake inashuka kwenye ncha ndogo kama kidole gumba. Ukikutana na jiwe unauhamisha sentimita mbili na kupiga tena.

Lakini jambo kubwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike, ni kwamba kwetu shimo si bidhaa. Hakuna mtu Kitengela anayehitaji shimo. Tunahitaji nguzo isiyolala. Tunahitaji mti usiokufa.

Yule mzee nilimwita hatimaye, na mkono wangu ukiwa kwenye kitambaa. Aliyaangalia mashimo yangu matatu kwa heshima kubwa, heshima ile ambayo ni mbaya kuliko kicheko, akainama akapitisha kidole ukutani mwa shimo la pili. "Kijana wangu," akasema, "umelipaka mafuta."

Nikamuuliza, "Mafuta gani, mzee?"

"Tazama linavyong'aa. Nguzo haitashika hapa. Mvua ikija, udongo utaisukuma juu kama jino bovu."

Ni kweli kabisa, na ningeweza kulijua hilo kama ningesoma badala ya kutazama. Mapezi ya keekee yanapozunguka ndani ya mfinyanzi mbichi yanausugua ukuta mpaka unakuwa laini na kufungika, kama ndani ya chungu. Zege haipati pa kung'ata. Halafu shimo la keekee lina upana uleule juu na chini, wakati mzee analipanua kidogo kule chini ili zege ikae kama mguu wa tembo, udongo ukivimba usiweze kuing'oa. Tembeeni barabara yoyote ya ndani huku kwetu baada ya mvua, mtaziona nguzo zimeinamiana kama walevi. Nyingi zilisimamishwa kwa haraka.

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huu tangu zamani. Tunapima kinachopimika kwa urahisi. Bosi anahesabu mistari ya msimbo uliyoandika, kwa hiyo unaandika mistari mingi. Video inahesabu sekunde kwa shimo, kwa hiyo tunanunua sekunde. Hakuna anayerudi baada ya misimu miwili ya mvua kuhesabu nguzo zilizosimama.

Na kwa miti hasara ni kubwa zaidi. Mnakumbuka tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa siku ya mapumziko tukapande miche, katika ule mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tangu hapo kila msimu natumiwa video za drili zikitoboa vishimo vya miche, mia kwa saa, na wananchi wakipiga makofi. Kwenye udongo mwekundu uliolainishwa, mvua ikiwa imenyesha vizuri, sina ugomvi nazo. Lakini toboa kishimo chembamba chenye kuta zinazong'aa katika mfinyanzi wa Kajiado, na utakuwa umemweka mche ndani ya sufuria. Mizizi inafika ukutani, inakataliwa, inaanza kuzunguka. Jua la Januari likija, mche unakauka ndani ya shimo lililochimbwa kwa sekunde sita.

Linganisheni na kinachofanyika kusini mwa kaunti hiihii, kwenye ranchi ya jamii ya Kuku, ambako wakazi wamechimba kwa majembe yale makingamaji ya umbo la nusu mwezi kwenye ardhi iliyokuwa imekufa, chini ya mradi wa Justdiggit na washirika wake. Ni mapana, hayana kina kirefu, na upande ulio wazi unaelekea maji yanakotoka. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka yanasimama humo, yanazama, na majani yanaota. Ukiyaona kutoka angani utajua kwamba aliyeyabuni alianza na swali la maji yatapita wapi, ndipo akafika kwenye jembe. Hakuna drili duniani inayochimba nusu mwezi.

Najua mtanijibu nini, kwa sababu wengine mmeshanijibu kwa simu.

Wa kwanza anasema nimenunua drili rahisi. Labda. Lakini drili ya bei mara tatu ingekuwa na nguvu ya kusokota mara mbili, na jiwe lingebaki jiwe, na kiwiko changu kingekuwa kwenye plasta badala ya bandeji. Kitu kimoja tu kwenye drili ghali ndicho ningekilipia: Bosch na Makita wana modeli zenye kihisi kinachotambua kwamba chombo kimekwama au kimeanza kujizungusha, kikakata moto hapohapo. Huo ndio msimbo wa maana kuliko wote ndani ya mashine hizo, na sijaona hata muuzaji mmoja wa huku akiutaja. Wanataja volti. (Na kama drili yako haina kihisi hicho, basi angalau usifanye nilivyofanya mimi: niliizungusha ile ringi ya klachi mpaka kwenye alama ya kutobolea, ambapo klachi haifanyi kazi tena. Klachi ingeteleza. Mimi ndiye niliyeizima.)

Wa pili anasema mwagia maji kwanza, uloweke usiku kucha. Rafiki yangu, wewe unaishi mtaa ambao maji yanatoka bombani. Sisi tunanunua ya boza.

Wa tatu ndiye aliyenisumbua, na namheshimu. Anasema kuchimba kwa mtaimbo ni kazi ya kuua mgongo, na mtu anayeitetea kutoka kwenye kiti cha ofisi anatetea mateso ya mwenzake. Hilo siwezi kulipuuza. Nimemwona mzee akinyoosha kiuno baada ya kila shimo. Ila kama nia ni kumpunguzia mzigo, mashine yake ipo na si hii. Zipo keekee za petroli za mipini miwili, zenye giaboksi inayopunguza mwendo wa injini mara thelathini au zaidi ili kuupata msokoto, zinazoshikwa na watu wawili. Zipo zinazofungwa nyuma ya trekta. Kinachofaa ni watu kumi wa kazi hiyo wawe na mashine moja kama hiyo, waitumie kwenye sehemu laini, halafu wakwaruze kuta na kupanua chini kwa mtaimbo. Drili ya betri haipelekwi kwa mzee. Inauzwa kwangu mimi, mwenye ploti na kadi ya benki, ili nisimwite mzee. Nilipojaribu kumwachisha kazi, kilichofuata mnakijua.

Kuna na wa nne, ambaye hakunipigia ila nimemsikia kwenye matatu: kwamba mashimo yakiwa rahisi kila mtu atazungushia ardhi yake haraka. Hilo ndilo hasa linalonitisha. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, imefungwa pande zote isipokuwa kusini, na upande huo wa kusini ni sisi. Nyumbu waliokuwa wakipita nyanda hizi walihesabika kwa makumi ya maelfu miaka ya 1970, na idadi hiyo imeporomoka vibaya. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili waache ardhi wazi, na malipo yakapangwa yaendane na mihula ya shule, kwa kuwa karo ndiyo iliyokuwa ikiwauzisha watu ardhi. Thumuni yetu imekwisha kuzungukwa na nyumba, haimzuii nyumbu yeyote. Lakini kwa mwenye ekari 200 kule Isinya, ugumu wa kuchimba mashimo elfu mbili ni sababu mojawapo ya kufikiri mara mbili, na sitamani mtu amwondolee.

Kwa wale ambao bado mtanunua, maana najua mtanunua: keekee isizidi sentimita 8 au 10. Gia ya chini. Fimbo ndefu ya kuzuia, iliyofungwa vizuri. Subiri siku mbili au tatu baada ya mvua, udongo ukiwa haushiki wala haujakauka. Chomoa kila sentimita 10 na ukwangue. Ukisikia jiwe, achia kitufe kabla hujafikiri. Ukimaliza, kwaruza kuta.

Drili yangu ni nzima. Wiki iliyopita Mama aliitumia kukoroga rangi ya jikoni na akaisifu sana. Mzee amefikisha mashimo 31, tunalipana kwa shimo, na yale matatu yangu ameyahesabu kama mapya kwa kuwa, anavyosema, kurekebisha ni kazi kubwa kuliko kuanza. Jumamosi anafika kwenye kona ya nyuma ambako kuna jiwe. Ameniambia nilete maji ya kunywa na niiache drili nyumbani.